Mvua Imenyesha na Sina Dagaa Nje

Wanangu hawahesabu mapumziko yangu kwa Jumamosi na Jumapili. Wanahesabu kwa mwezi. Babu, mwenye miaka saba, akitoka usiku kwenda chooni na kukuta ua wote mweupe kana kwamba umemwagiwa unga, anarudi ndani kumwamsha mdogo wake kwa habari njema: mwezi umekuwa mkubwa, mama hashuki mwaloni.

Kwa msomaji ambaye hajaishi karibu na ziwa letu la Tanganyika, nieleze kidogo. Mwalo ni pale ufukweni boti zinaposhusha samaki. Hapa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa inawaka juu ya maji, vijidudu vinaifuata, dagaa wanafuata vijidudu, na wavu unawangoja chini. Mgebuka naye anawafuata dagaa, kwa hiyo anakamatwa kwa ulafi wake mwenyewe. Sasa mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linakuwa limewashwa, dagaa anatembea anakotaka na kataa kako hakana la kumwambia. Boti zinavutwa nchi kavu, wavuvi wanakaa kushona nyavu, na sisi wanawake tunaonunua na kuanika hatuna cha kuanika. Watu wa mwaloni mwezi tunaugawa vipande viwili tu, giza na mbalamwezi. Giza ni kazi. Mbalamwezi ni madeni na watoto.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi ya mbalamwezi, mwezi wa Novemba, embe zikiwa zimeanza kuanguka zenyewe.

Saa kumi alfajiri macho yakafunguka bila kuitwa. Siku za giza ndiyo saa yangu ya kujifunga kitenge, kubeba beseni na kushuka kabla boti ya kwanza haijagusa mchanga, maana ukichelewa unakuta wenzako wamekwisha kuchagua na wewe unabaki kubembeleza masalia. Nikalala pale pale nikisikiliza. Hakuna mlio wa injini. Adhana ikapita, jogoo wa jirani akapita, kisha mguu wa Mgebuka ukanipata mbavuni. Huyo ndiye mdogo wao, ana mwaka na nusu. Mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu ni mrefu na anateleza, na jina likaganda. Lile la kwenye cheti tunalikumbuka tukienda kliniki. Na Babu si mzee, kama kuna aliyeanza kushangaa. Amerithi jina la babu yake mzaa baba, na mimi siwezi kumgombeza mtoto kwa jina la mkwe wangu, kwa hiyo ni Babu tu. Mimi ni Mama Babu, mume wangu ni Baba Babu. Mgeni akitusikia tunavyoitana anahesabu vizazi mpaka anachoka.

Baba Babu alikuwa ameshaondoka. Yeye ni fundi wa mitumbwi, na mbalamwezi ndiyo msimu wake: boti zikipumzika ndipo zinapotibiwa, mbao zilizooza zinatolewa, nyufa zinazibwa kwa pamba. Mimi nikiwa na kazi yeye anakaa, yeye akiwa na kazi mimi nakaa. Miaka tisa ya ndoa tumekuwa kama watu wawili wenye kiti kimoja.

Chausiku akaingia kitandani kama anavyoingia siku zote, bila kuomba. Ana miaka minne. Akaweka pua shingoni kwangu, akavuta hewa, akavuta tena.

"Mama," akasema kwa malalamiko, "hunuki."

Jamani. Mimi nina sabuni yangu ya kuogea baada ya mwalo, nina ndimu, nina majivu ya kusugulia mikono, na bado kwenye daladala kuna watu huwa wanafungua dirisha. Miaka yote hiyo nimejiona nina kasoro ya kuficha. Kumbe mtoto huyu harufu ya mama yake anaijua kuwa ni dagaa. Bibi yake, anayekaa nao nikiwa kazini, alinisimulia baadaye kwamba siku za giza Chausiku halali mchana mpaka apewe kitenge changu kile cha mwaloni, ambacho mimi hukianika nyuma ya nyumba watu wasikione. Nikamuuliza, basi unataka nikaoge maji ya dagaa? Akafikiri kwa makini. "Ndiyo."

Tukanywa chai. Naisema kwa neno moja lakini ilichukua saa nzima, na hiyo saa nzima ndiyo iliyonifurahisha. Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, chumvi kidogo. Nikaona Babu anachovya muhogo kwenye chai. Nikamuuliza ameanza lini. "Tangu zamani," akasema, mtoto wa darasa la kwanza. Nikanyamaza. Kuna zamani ya mwanangu ambayo mimi sikuwepo, ilitokea kati ya saa kumi na moja na saa tatu asubuhi, nikiwa nabishania bei ya beseni.

Baada ya chai nilikaa kibarazani kuchambua maharage. Hapa nicheke kwanza. Watu wa Dar wakisikia unatoka Kigoma wanadhani tunakula samaki mpaka wa ndoto. Ukweli ni kwamba mbalamwezi ikikaa, nyumba ya muuza dagaa inapika maharage. Dagaa wakavu ninao, ndiyo, gunia moja na nusu chumbani, lakini hao wana wenyewe. Wana mkopo wa kikundi, wana ada, wana bati mbili za jikoni. Kuwapika hao ni kama kutafuna noti.

Watoto walikuwa wamejipatia kona karibu na karo. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Halafu nikasikia sauti ambayo niliifahamu, na ikanichukua muda kujua ni yangu.

"Bei ya jana imekufa na jana yake!"

Ni Chausiku. Amejifunga kanga kiunoni, amekaa juu ya kindoo kilichopinduliwa, mbele yake kuna mchanga umeanikwa juu ya turubai langu, tena umesambazwa vizuri, mwembamba, kama nilivyofundishwa na mama yangu, maana dagaa wakilundikana wanaoza katikati. Babu ndiye mteja. Mgebuka ni kuku, kazi yake kuingia kwenye turubai na kufukuzwa. Chausiku ana kikombe cha plastiki ndicho sado yake. Anajaza, anapitisha kiganja juu kusawazisha, anamimina.

"Nyongeza," Babu anadai.

"Nyongeza kwenu."

"Mama, huyu hanipi nyongeza!"

"Mimi si mama yako," Chausiku akasema, "mimi ni mfanyabiashara."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini mchezo ukaendelea na nikaanza kusikia mengine. Akachukua ndala, akaiweka sikioni kama simu: "Kaka, nimekwambia Ijumaa. Ijumaa nitalipa. Usinipigie usiku, watoto wamelala." Akakata simu, akakunja uso, akageukia mchanga wake kuugeuza upande wa pili ukauke. Kumbe hawalali. Mimi natoka nje kabisa kuzungumza simu zile, nasimama karibu na mpapai, na bado hawalali.

Basi nikaacha maharage nikaenda kununua. Nikabishana naye bei, nikamwambia dagaa wako wana mchanga. Akanitazama kwa huruma. "Mama, ni mchanga wenyewe huu." Nikalipa kwa mbegu tatu za maharage. Nyongeza sikupata hata mimi.

Mvua ilikuja kama saa saba. Mvua za Novemba kwetu hazibishi hodi. Upande wa Kongo milima inapotea, ziwa linakuwa rangi ya sufuria, upepo unapiga mara moja, na kabla hujasema "ina—" imekwisha kufika. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa muhogo. Nikasikia tone la kwanza kwenye bati, lile kubwa la peke yake, na mwili wangu ukaondoka kabla yangu. Nikatupa mwiko. Nikakimbia nje nikipiga kelele "Dagaa! Dagaa!", nikalikamata turubai kwa pembe mbili, nikamwita Babu ashike pembe nyingine, na Babu, mtoto mtiifu, akashika. Tukalikunja, tukalivuta hadi kibarazani tukihema wote wawili.

Ndipo Babu akasema taratibu, "Mama, ni mchanga."

Wasiofanya kazi hii hawatanielewa, lakini nitajaribu. Dagaa wa kuanika anataka siku moja ya jua kali. Akipata jua hilo anakauka mweupe, mkavu, anavunjika, na mnunuzi wa Dar anamchota kwa mikono miwili akitabasamu. Akinyeshewa akiwa nusu, anageuka rangi, analegea kichwa, ananuka harufu nyingine ambayo hata Chausiku asingeililia. Huyo unamuuza kwa wafuga kuku kwa bei ya kumpa. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepoteza mabeseni manne hivyo hivyo. Nilikwenda mara moja tu kwenye msiba wa jirani, jua likiwaka, nikarudi nikiwa nakimbia na viatu mkononi, na sikuwahi. Fedha ya mkopo ile, ndiyo inayopigiwa simu usiku. Tangu niwe na akili ya kujitegemea, mvua kwangu ni adui anayekuja bila taarifa. Sijui mara ya mwisho niliitazama ikinyesha nikiwa nimetulia.

Nikasimama pale kibarazani nimeshika pembe ya turubai lenye mchanga, na mvua inanyesha, na sina dagaa nje hata mmoja. Sina. Hata wa jirani aliyeniachia niwaangalie, sina. Nikalitua turubai. Nikatoka uani na nguo zangu zote.

Watoto walinitazama kwanza kama ng'ombe aliyeingia sebuleni. Halafu Babu akavua shati. Halafu Chausiku akavua kila kitu. Mgebuka akabaki kizingitini akitoa mkono, akiurudisha, akiutazama ulivyolowa, mpaka nikamchukua. Pembeni ya nyumba bati letu lina mkunjo, maji yanashuka pale kwa nguvu kama bomba lililopasuka, na tulipanga foleni ya kusimama chini yake. Babu alihesabu mpaka kumi kwa kila mtu. Kwangu alihesabu mpaka ishirini bila kuombwa. Jirani yangu, mwanamke wa makamo ninayemheshimu sana, alitokeza kichwa dirishani akasema, "Mama Babu, kuna nini, mwanangu?" Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Hakuna kitu." Naye akasema marahaba, akatazama kidogo, akafunga dirisha. Najua alikwenda kumwambia mumewe kwamba mkopo umenipanda kichwani.

Ugali uliungua. Tuliukwangua, tukala uliobaki na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na kachumbari ya embe bichi. Babu hapendi maharage lakini siku hiyo alikula, nadhani kwa sababu ya baridi.

Baada ya kula ikaja kazi ya kupaka mafuta. Mvua huwaacha watoto na ngozi kavu, miguu inapauka kama ya mtu aliyetoka kusaga unga. Nikawapanga mkekani watatu, nikaanza na Chausiku, na yeye kupakwa mafuta hataki, anateleza, anapiga mateke. Hapo ndipo nilipoikumbuka Liemba, sijui kwa nini haikuwahi kunijia kabla.

Nikawaambia: mnaijua meli ile ya bandarini? Wanaijua. Nikawaambia, ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari, ikapanda treni kuja Kigoma. Babu akataka kujua meli inapandaje treni. Vipande vipande, nikamwambia, ikaja kuungwa hapa hapa. Mwaka uliofuata ule wa kuingizwa majini, yaani 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa vita wakaamua kuizamisha wenyewe, adui asiichukue. Lakini mafundi wake walikuwa wanaipenda. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nene kila mahali, kila kona, kila mkunjo, kama ninavyokupaka wewe sasa, lete mguu. Akaleta mguu.

"Kisha?"

Kisha ikalala chini ya maji miaka minane. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakaikuta bado nzima, na 1927 ikaanza tena kutembea na jina jipya, Liemba. Mimi mwenyewe nimepanda nikiwa msichana, kwenda Kirando kwa shangazi, na meli ile ile ikanguruma usiku kucha.

"Kwa sababu ya grisi," Chausiku akasema.

"Kwa sababu ya grisi."

Akanyoosha mkono wa pili mwenyewe. Akadai nipake na nyuma ya masikio. Kisha wote watatu wakajinyoosha mkekani, wanang'aa kama maandazi, wakatangaza kwamba wamezama na nisiwaibue mpaka miaka minane iishe. Mgebuka alilala kweli. Chausiku alifuata, mdomo wazi. Babu aliendelea kuzama macho wazi kwa dakika kadhaa akiwaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama samaki walikuwa wanaingia ndani ya meli. Nikasema naamini waliingia. Dagaa? Hata dagaa. Akafumba macho akiwa ameridhika, na mimi nikapata usingizi wa mchana, jambo ambalo silikumbuki vizuri kwa sababu nililala.

Jioni tulishuka kumpelekea Baba Babu chakula, kile kisichoungua. Sitaeleza safari, njia ni ile ile na tope lilikuwa tope. Ila mwalo ukiwa wa mbalamwezi ni mahali pengine. Vichanja vitupu, mchanga umepigwa na mvua ukabaki na vishimo vidogo vidogo, boti zimelala ubavu, vijana wamekaa kwenye nyavu wanashona na kubishania mpira. Walinisalimia kama mtu aliyekutana na mwalimu wake sokoni. Siku za giza tunatukaniana bei, siku hiyo mmoja akampa Mgebuka boya la wavu achezee. Babu alimwonyesha baba yake jinsi ya kuziba ufa kwa pamba, akidhani anamfundisha. Baba Babu akafuata maelekezo yote. Akamwambia, "Asante, Babu," na wazee wawili waliokuwa wanapita wakageuka kuona huyo babu ni nani.

Usiku mawingu yaliondoka. Mwezi ukatoka nyuma ya vilima, ua ukawa mweupe, na watoto wa nyumba tano wakakutana kwetu kucheza kombolela mpaka nikaogopa majirani. Siku za giza, ukikaa kwenye kibaraza chetu, ziwa lote lina taa, mstari kwa mstari, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji kuelekea Kongo. Usiku ule hapakuwa na taa hata moja. Maji tu, na weupe wa mwezi juu yake.

Babu akaja kukaa nami, jasho limemtoka, mafuta yote yamekwisha kushika vumbi. Akauliza zimebaki siku ngapi. Nikamwonyesha: kesho mwezi utachelewa kidogo kutoka, kesho kutwa utachelewa zaidi. Hicho kipande cha giza kabla haujatoka kikitosha kuvulia, boti zitashuka. Akahesabu kwa vidole, akapata tatu, akahesabu tena akapata nne, akachagua nne.

Simu ikaita. Nikaitazama namba, nikainuka kwenda kwenye mpapai, kisha nikakumbuka ndala ya Chausiku. Nikakaa. Nikapokea pale pale, mtoto akiwa pembeni, nikasema kaka, sina leo, nitakuwa nayo giza likiingia, na nikipata sehemu nitaleta sehemu. Akaguna, akakubali, haikuchukua hata dakika. Babu hakusema kitu. Alikuwa anatafuna nyuzi za embe.

Walipolala ndipo nilipokumbuka turubai. Lilikuwa bado kibarazani limekunjwa na mchanga wake ndani, limelowa. Nikalifungua nilianike. Katikati nikakuta kikombe cha Chausiku, kimejaa mchanga mpaka mdomoni, kimesawazishwa kwa kiganja, na juu yake, pembeni kidogo, kuna kachungu kengine ka mchanga alikoongeza baadaye bila kumwambia mtu.